Harusi ya Mavuno: Kutoka Mbeya hadi Iringa na Kurudi

Kama una kijana au binti aliyekwisha kuleta habari ya uchumba nyumbani, bila shaka unajua jinsi usingizi unavyopungua. Furaha ipo, lakini pamoja na furaha huja daftari. Kamati itaundwa, kadi za mchango zitachapwa, na mama wa nyumba ndiye atakayeulizwa kila kitu, kuanzia idadi ya masufuria hadi rangi ya vitambaa vya meza. Mimi yamenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili ndiyo ninayotaka kuwasimulia akina mama wenzangu, lakini sitaweza kuieleza vizuri bila kuanza na ile ya kwanza.

Binti yetu mkubwa alipoolewa tulikodi ukumbi hapa Mbeya, na mapambo tukayakodi pia: maua ya plastiki, vitambaa vya kung'aa, taa za kuwaka na kuzima. Watu walisifu sana. Michango haikutosha. Siku kumi kabla ya harusi nilikopa katika kikoba chetu bila kumwambia mume wangu, nikitumaini kwamba ahadi za mwisho zingefidia. Hazikufidia. Alikuja kujua baada ya miezi minne, ilipobidi shamba letu la mpunga kule Igurusi likodishwe kwa watu ili deni liishe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kwa misimu mitatu tulinunua mchele dukani, sisi tuliokuwa tukiwagawia jirani, na kila nilipofungua mfuko wa mchele nilikumbuka zile taa.

Kwa hiyo kijana wetu alipotuambia kwamba amepata mchumba, binti wa Kihehe kutoka upande wa Kalenga, Iringa, na kwamba wangependa kufunga ndoa mwezi wa saba, nilimshukuru Mungu kwa mdomo, lakini tumbo lilinikaza.

Majira yetu si ya vuli

Katika magazeti ya Ulaya na Marekani huwa tunaona picha za harusi za majira ya majani kupukutika, yaani kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja. Wenzetu hupamba meza kwa maboga, masuke ya ngano na majani yaliyogeuka rangi, kwa sababu huo ndio wakati wa mavuno kwao. Huku Nyanda za Juu Kusini miezi hiyo ni ya kusafisha mashamba na kutazama mawingu. Mvua zetu huanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne. Mahindi huvunwa kuanzia mwezi wa tano, na kufikia kipupwe, yaani mwezi wa sita hadi wa nane, maghala yamejaa, barabara za vijijini zimekauka, na watu wana nafasi ya kupumua. Ndiyo maana wazee wetu waliona huu kuwa wakati mwema wa kuoza.

Hata makanisani tunalijua jambo hili. Nani kati yetu hajaona ibada ya sikukuu ya mavuno? Mabua ya mahindi hufungwa kwenye nguzo, maboga hupangwa chini ya madhabahu, ndizi huning'inizwa, kuku hulia katikati ya mahubiri, na mwisho hufanyika mnada. Hakuna anayesema kanisa siku hiyo limepambwa kishamba. Wazo la harusi yetu lilitoka hapo, ingawa si mimi niliyelipata. Alilipata mzazi mwenzangu wa Iringa, naye alilipata kwa sababu hakuwa na fedha.

Njia ya kwenda kwa wakwe

Tulisafiri mwezi wa tano, mimi na mume wangu, kwenda kuonana na wakwe na kupanga siku. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, zote katika barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Ukitoka Uyole, pale inapochepuka njia ya Tukuyu na Kyela, unashuka kuelekea bonde la Usangu. Igurusi na Chimala kulikuwa na joto, na mpunga ulikuwa ukianikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Tulipolipita shamba letu mume wangu alitazama nje bila kusema neno. Nami nikatazama mikono yangu.

Kutoka Chimala, mkono wa kulia, ndiko iliko njia ya kona nyingi inayopanda kwenda Matamba na Kitulo. Wenyeji wa huko juu huiita nyanda ile Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Nalitaja jambo hili kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati yetu alipendekeza tukachume maua huko. Kwanza hairuhusiwi kuchuma maua katika hifadhi. Pili, maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua. Anayekwenda mwezi wa saba atakuta nyasi na baridi kali.

Makambako, reli ya TAZARA inapokutana na barabara, tulinunua vitafunwa. Baada ya hapo hewa ilianza kunukia miti ya paini. Ni mashamba ya Sao Hill, makubwa kuliko mashamba mengine yote ya miti ya kupandwa nchini mwetu. Chini ya miti ile yametapakaa yale matunda yake makavu yenye magamba, ambayo watoto huyaokota kuwashia moto. Nilijaza mfuko mmoja bila kujua nitayafanyia nini. Kisha Mafinga, Ifunda, Tanangozi, na mwisho Ipogolo, bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa wenyewe uko juu ya kilima, na jiwe la Gangilonga linautazama kwa juu.

Kalenga

Kalenga ni mahali pa heshima. Hapo ndipo palipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, na katika jumba dogo la makumbusho limehifadhiwa fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mzazi mwenzangu ni mjane. Alitupokea kwa "kamwene" ya Kihehe, akatuketisha kwenye mkeka, akatupa togwa katika vikombe vya bati. Baada ya habari za nyumbani, alisema jambo ambalo mimi sikuwahi kuwa na ujasiri wa kulisema.

"Mama, nikwambie mapema ili tusije tukaaibishana. Sina fedha ya ukumbi wala ya mpambaji. Nina mahindi, nina maboga, nina mikono. Mkiona haitoshi, semeni sasa."

Nilijisikia vibaya, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kukimbilia Mbeya. Nilimwona shoga yangu wa kikoba. Nikawaona wenzangu wa kwaya. Watasemaje? Mume wangu ndiye aliyejibu: "Inatosha, mama. Sisi tulishawahi kufanya kubwa." Hakunitazama aliposema hivyo.

Mchana ule tulipelekwa kwa akina mama wasukao vikapu. Msomaji, ukisikia vikapu vya Iringa usifikirie tu vile vya kupelekea wageni. Husukwa kwa milulu, nyasi ndefu ziotazo mabondeni penye maji. Nyasi zikishakaushwa hugawanywa na kusukwa kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kitako. Nyingine hutiwa rangi ili kutoa mistari. Kikapu kizuri hakina haraka: mama anasuka akitoka shamba, akingoja maharage yaive, akiwa anazungumza. Tuliagiza vikapu 20, kimoja kwa kila meza na viwili vya ziada vya mkate. Fedha tuliyolipa ilibaki mikononi mwa akina mama watano wa kijiji kile, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba ni ada ya shule.

Bibi akataa

Jioni tukaanza kupanga mapambo. Mzazi mwenzangu alitaka mahindi yafungwe mawili mawili kwa maganda yake, kama tunavyoning'iniza mbegu juu ya moshi wa jikoni, yawekwe kwenye mianzi. Bibi wa binti, aliyekuwa kimya kwenye kigoda chake, akasema: "Hapana."

Tulinyamaza.

"Mahindi hayachezewi. Mimi nimeona mwaka tuliohesabu punje. Leo mnataka kuyatundika ukutani watu wayatazame, kesho yakanyagwe?"

Kwa kweli alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nafikiria uzuri, bibi alikuwa anafikiria njaa. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Mwisho mzazi mwenzangu alimwendea, akapiga goti, akasema, "Mama, hayatatupwa hata punje moja. Hakuna atakayeyapaka rangi wala kuyapiga misumari. Yatapamba siku moja, kesho yake yatakwenda na mtoto. Ndiyo akiba yake ya kwanza."

Bibi alifikiri, kisha akaomba mkongojo wake. "Basi nitayachagua mwenyewe. Nyinyi mtachukua yenye fukusi."

Kuanzia hapo ikawa sheria yetu: kila pambo liwe ni kitu kitakachotumika baada ya harusi. Sheria hiyo ilitusaidia kuliko ushauri wowote wa kamati, maana kila kilichopendekezwa tuliuliza swali moja tu: kesho kitakuwa cha kazi gani?

Daftari

Tukiwa njiani kurudi, basi liliposimama tena Makambako, nilifungua mkoba wangu nikatoa lile daftari la harusi. Nikaliweka magotini mwa mume wangu. Nilimwambia, "Safari hii lishike wewe. Kila kitakachoingia na kutoka ukione." Akalifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu mfukoni. Hadi Chimala tulikuwa tunahesabu pamoja viti na mchele. Sikumbuki mara ya mwisho tulipozungumza muda mrefu hivyo.

Vyungu vya Ziwa Nyasa

Kwa upande wetu Mbeya tulitaka na sisi tuchangie kitu cha kwetu. Mwezi wa sita nilishuka Kyela hadi Matema. Njia hiyo inapita Tukuyu, katikati ya migomba na chai, chini ya Mlima Rungwe, ambako Wamoravian walianza kazi yao mwaka 1891. Hao tangu zamani wana desturi ya karamu ya upendo, ambayo chakula chake ni chai na mkate tu. Nililikumbuka hilo nilipokuwa nahesabu nyama.

Siku ya Jumamosi, kwenye gulio la Lyulilo karibu na Matema, akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Wanavifinyanga kwa mikono na kuvichoma kwa moto wa wazi, na vina michoro myeupe juu ya udongo mwekundu. Nilinunua vidogo vya kuwekea maua na vikubwa viwili vya togwa. Vifunge kwa majani makavu ya migomba, si kwa magazeti, maana barabara ina mashimo. Vilivunjika viwili, kosa langu mwenyewe.

Siku yenyewe

Sherehe ya kumuaga binti ilifanyika Kalenga, na wiki moja baadaye harusi kwetu Uyole, uwanjani nyumbani, chini ya maturubai. Vikapu vilivyotumika kule vilikuja na bibi harusi, vikiwa vimejaa vyombo vyake.

Mlangoni tulisimamisha mianzi miwili ikapindwa juu kuwa upinde, na mabua makavu yakafungwa kwa kamba za mgomba. Nyuma ya meza kuu tulitandaza mkeka mmoja mpana badala ya vitambaa vya kung'aa, na mahindi ya bibi yakaning'inia pande zote mbili, meupe kwa ya njano. Kila meza ilikuwa na shuka jeupe, kitenge chembamba katikati, kikapu chenye mkate na yale matunda ya paini kutoka Sao Hill, na chungu kidogo cha maua. Alizeti za shambani zilikuwa zimekwisha kuinama, kwa hiyo tulitumia vichwa vyake vikavu. Rangi ya njano tuliipata kwa alizeti pori ziotazo kando ya barabara. Hunyauka upesi sana, kwa hiyo vijana walizikata jioni ya kuamkia harusi na kuzizamisha ndoo nzima hadi shingoni.

Chakula kilikuwa wali, mbalaga ya ndizi za Tukuyu, maharage, kuku na ndafu mmoja badala ya keki ya ghorofa. Kulikuwa na parachichi, na togwa madumu matano.

Nisije nikawadanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Saa tisa alasiri upepo wa Mbeya ulikuja na vumbi, ukaangusha upinde dakika chache kabla maharusi hawajafika. Baba harusi mwenyewe na koti lake alishika mwanzi mmoja, kijana wa jirani akashika wa pili, na maharusi wakapita chini yake. Shoga yangu mmoja alisema kwa sauti, "Jamani, tumealikwa harusini au ghalani?" Watu wakacheka. Mimi nilichomwa. Sikumjibu, naye aliondoka mapema.

Lakini jioni, tulipokuwa tunafungua mapambo, nilimwona bibi wa Kalenga ameketi na gunia katikati ya miguu yake, akiyapokea mahindi mawili mawili na kuyahesabu. Yalitimia yote. Kesho yake maharusi waliingia nyumbani kwao na mahindi, maboga, vikapu, vyungu na mkeka. Mume wangu akafunga daftari. Hatukudaiwa na mtu.

Mambo ya kukumbuka

Kwa mama anayetaka kufanya harusi ya namna hii, naomba nimwachie machache tuliyojifunza.

1. Anza mapema. Vikapu viagizwe miezi miwili kabla, ukimlipa msukaji sehemu ya fedha aanze kazi.

2. Sherehe ianze mchana, saa nane ikiwezekana, imalizike jua likiwa bado lipo. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Mbeya baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Waandikie wageni kwenye kadi waje na vitenge au masweta, na bibi harusi awe na shali.

3. Mabua makavu hushika moto kwa mara moja. Usiweke mishumaa wala chemli karibu nayo, na ndoo za maji na mchanga ziwe tayari. Jiko la mkaa liwekwe nje mahali pa wazi, kamwe lisiingizwe ndani ya turubai lililofungwa kwa sababu ya hewa yake ya sumu.

4. Mwagia uwanja maji asubuhi na tena saa sita ili vumbi litulie. Mianzi ichimbiwe chini kiasi cha mkono mmoja na ifungwe kwa kamba pande mbili. Sisi tuliisimamisha tu, mkaona yaliyotokea.

5. Mchele kilo moja hutosha watu wanane hadi kumi panapokuwa na vyakula vingine. Sisi tulikuwa wageni 180, tukapika kilo 20 na mbalaga.

6. Togwa ipikwe siku moja kabla. Pika uji mwepesi wa mahindi, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha koroga unga wa kimea cha ulezi na ufunike usiku kucha. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto hautakuwa mtamu. Ukiiacha siku nyingi, itakuwa pombe.

7. Mahindi ya mapambo yawe makavu kabisa, yasiyo na fukusi, na asubuhi ya pili yaondolewe kabla ya umande na panya. Amueni mapema yatakwenda kwa nani.

8. La mwisho ndilo kubwa. Daftari lisomwe na wawili.

Mara nyingi katika harusi tunasomewa habari za Kana ya Galilaya, na mahubiri huhusu muujiza. Siku hizi mimi hutazama zaidi pale mwanzo. Divai iliisha, na mama mmoja hakuuficha upungufu ule. Alikwenda akausema kwa mtu aliyestahili kuambiwa. Mzazi mwenzangu wa Kalenga alifanya vivyo hivyo, akiwa ameketi juu ya mkeka wake na kikombe cha bati mkononi. Mimi ilinichukua misimu mitatu ya kununua mchele.

Mwaka huu shamba la Igurusi tumelilima wenyewe.